Basi Likiondoka, Nani Anabaki Njiani?



Siku ya soko iliyopita tulikaa barazani pamoja na wazee, tukazungumza habari ya motokari iliyokuwa ikipanda kwetu mara moja kwa juma, nayo sasa haipandi tena. Mwenyewe ametangaza kwamba njia yetu haimpi faida. Wazee walinung'unika sana. Ndipo kijana mmoja, aliyesoma mjini na kurudi na cheti chake, akasimama akasema: «Wazee wangu, mnalia nini? Mali ni yake. Kazi isiyo na faida hufungwa. Hata huko Kanada, nchi ya matajiri, kampuni kubwa ya mabasi iliviacha vijiji vya magharibi, na watu wakanyamaza.» Wazee wakatutazama sisi, kana kwamba mtu aliyepita seminari lazima ajue habari za Kanada. Siku ile hatukuwa na jibu. Tukaomba muda, tukasoma. Leo tunamjibu, wala hatumchukii, maana alilolisema yeye husemwa na wakubwa wengi wanaomzidi vyeo.

Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa, kwa sababu ubishi usio na habari ni kelele tu.

Kanada ni nchi pana mno. Upande wa magharibi yako majimbo manne: Manitoba, Saskatchewan, Alberta na British Columbia. Mtu akitoka mji mkubwa aweza kusafiri siku nzima kati ya mashamba ya ngano au katika misitu, akikutana na vijiji vidogo vilivyo mbalimbali. Wakati wa baridi hewa hushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri, na pengine zaidi. Msidhani ni baridi kama hii yetu ya mlimani, ambayo moto wa jikoni waitosha. Maji ya ndoo hugeuka jiwe, na mtu akisimama njiani kwa muda mrefu aweza kufa.

Katika nchi hiyo kampuni ya Greyhound ilianza kazi mwaka 1929, katika jimbo la British Columbia. Jina hilo ni la mbwa wa mbio, na picha ya mbwa huyo imechorwa ubavuni mwa mabasi. Kwa muda wa karibu miaka 90 mbwa huyo alipita katika miji na vijiji, akibeba wanafunzi, wagonjwa, vibarua, wazee waendao kuona wajukuu, na pamoja nao vifurushi vya kila namna. Kiisha tarehe 9 Julai 2018 kampuni ikatangaza kwamba itaondoka magharibi. Tarehe 31 Oktoba ya mwaka uleule mabasi yakasimama katika Manitoba, Saskatchewan, Alberta na British Columbia, hata na katika sehemu ya magharibi ya Ontario. Upande ule wa magharibi ulibaki mstari mmoja tu, ule wa kutoka Vancouver kuvuka mpaka mpaka Seattle, katika Marekani. Wafanyakazi 415 walikosa kazi. Kampuni mama, yaani mwenye mali, ilikuwa na makao yake Aberdeen, katika Scotland, ng'ambo ya bahari.

Basi kijana wetu amesema kweli kwamba kampuni iliondoka. Lakini watu hawakunyamaza hata kidogo, na sababu walizozitoa ndizo tunazotaka kuziandika hapa.

Neno la kwanza la wenye kampuni lilikuwa hili: «Sisi hatukuwaacha abiria, abiria ndio waliotuacha.» Walionyesha hesabu kwamba tangu mwaka 2010 abiria wamepungua kwa 41 katika kila 100. Hatuikatai hesabu hiyo. Watu wengi walinunua motokari zao wenyewe, wengine walipanda ndege za bei nafuu, wengine walihamia mijini. Basi lenye viti 50 likipita na watu wanne, dereva hulipwa mshahara uleule na mafuta huwaka vilevile. Mtu asiyekubali jambo hili asiingie katika shauri hili.

Lakini tufikiri kidogo. Katika kijiji chenye kisima kimoja watu wote huteka pale. Siku moja wenye fedha wanavuta maji ya bomba mpaka nyumbani mwao. Wanaokuja kisimani wanapungua. Je, tukifunge kisima kwa kusema watu wamekiacha? Wale waliobaki kisimani ni akina nani, kama si wale wasio na bomba? Ndivyo ilivyokuwa katika mabasi ya Kanada. Kadiri wenye motokari walivyoondoka, ndivyo waliobaki ndani ya basi walivyokuwa watu wasio na njia nyingine: mzee ambaye macho yake hayamruhusu tena kuendesha, msichana anayekwenda shule ya mbali, mgonjwa, maskini, na wenyeji wa asili wa nchi wanaokaa katika maeneo waliyotengewa, mbali na miji. Hesabu yao ilikuwa ndogo, lakini kila mmoja wao alilihitaji basi kuliko abiria kumi wa zamani.

Tena jambo hili lina mzunguko wake, na sisi tumeuona hata hapa kwetu. Abiria wakipungua, mwenye basi anapunguza safari. Safari zikipungua, basi linapita saa isiyomfaa mtu, pengine usiku wa manane. Basi likipita usiku wa manane, hata wale waliolitaka wanatafuta namna nyingine. Halafu mwenye basi anahesabu tena na kusema: «Mnaona? Wamezidi kupungua.» Kabla ya mwaka 2018 Greyhound ilikuwa imekwisha kupunguza safari zake za magharibi mara kadhaa. Mtu akikata matawi ya mti mwaka hata mwaka, asishangae kwamba mti hautoi kivuli.

Neno la pili ndilo la kijana wetu: «Mali ni yake.» Hapo inafaa tujue desturi ya zamani ya majimbo yale. Mwenye mabasi hakuwa kama muuza chumvi ambaye hufungua duka apendapo na kulifunga apendapo. Serikali ya jimbo ilimpa ruhusa ya kupita njia fulani, ikamkinga na washindani katika njia zenye abiria wengi. Na yeye kwa upande wake alipaswa kupita pia katika njia zenye abiria wachache. Aliyepewa nyama alipewa na mfupa. Faida ya njia nene ililisha njia nyembamba, na hakuna aliyeona ajabu. Baada ya mwaka 2010 majimbo mengine, kama Alberta na Manitoba, yalilegeza sheria hizo. Washindani wakaja, wakajichagulia nyama. Nani atakuja kugombea mfupa?

Kwa hiyo tusiitupie kampuni lawama yote. Ilikuwa imelia kwa miaka mingi mbele ya serikali, ikiomba isaidiwe au ifunguliwe. Wakubwa wa majimbo na wa serikali kuu walikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Mtu anayeona paa la shule likioza mwaka baada ya mwaka, kiisha anashtuka siku linapoanguka, huyo hatuwezi kumwita mlinzi wa shule.

Sasa tufike Saskatchewan, maana hapo hakuna kampuni ya ng'ambo ya kulaumiwa. Mwaka 1946 serikali ya jimbo lile iliunda kampuni yake yenyewe ya mabasi, Saskatchewan Transportation Company, ambayo watu waliiita STC. Iliundwa kusudi watu wa mashamba na wa vijiji wapate usafiri. Mwisho wake ilihudumia miji na vijiji 253. Haikubeba watu tu. Ilibeba dawa, vyombo vya mashine za kuvunia, na vifurushi vingi ambavyo mkulima alivingoja ili asipoteze siku za mavuno. Tarehe 22 Machi 2017 serikali ilisoma makadirio yake ya fedha na kutangaza kwamba STC itafungwa. Majuma kumi baadaye, tarehe 31 Mei, basi la mwisho likasimama. Watu 224 walipoteza kazi. Raia walikusanyika mbele ya nyumba ya bunge katika mji wa Regina, wakapinga, haikufaa kitu.

Sababu ya serikali ilikuwa nini? Kwamba kati ya njia 27 ni mbili tu zilizopata faida, na kwamba kuiendesha STC kwa miaka mitano ijayo kungetaka dola milioni 85 za hazina. Mtu akisikia milioni 85 huona giza machoni. Lakini tuchukue kalamu. Milioni 85 kwa miaka mitano ni milioni 17 kwa mwaka. Watu wa jimbo lile walikuwa karibu milioni moja na laki moja. Kila mtu basi angetoa kama dola 15 kwa mwaka. Kwa dola hizo kijana angeenda shuleni na mgonjwa angefika kwa mganga. Sisi hatusemi dola 15 si kitu. Twasema wangetaja hesabu hii pamoja na ile nyingine, ili raia achague akiwa ameona zote mbili.

Na hapa, wasomaji wapenzi, ndipo hasira yetu ilipotufikia. Jimbo hilohilo la Saskatchewan lina barabara kuu za serikali zenye urefu wa zaidi ya kilometa 26,000. Serikali inazijenga, inaziba mashimo yake, na wakati wa baridi inatuma mashine kuondoa theluji. Je, kuna mkubwa hata mmoja aliyesimama bungeni akauliza kila kilometa imeleta faida gani? Je, kuna barabara iliyofungwa kwa sababu haikujilipia yenyewe? La! Barabara inaitwa mali ya wote. Lakini fedha ikitolewa ili asiye na motokari apate kiti juu ya barabara hiyohiyo, mara inaitwa hasara. Mwenye motokari hupita bure juu ya fedha ya serikali, wala hakuna anayemwita mtu wa kusaidiwa. Bibi kizee mwenye tiketi mkononi, ambaye amekwisha kulipa nauli yake, ndiye anayeitwa mzigo.

Tungependa kijana wetu atuambie ni shule ipi ilimfundisha hesabu ya namna hiyo.

Wengine watasema: «Hata hivyo fedha imeokolewa.» Imeokolewa na nani? Katika Saskatchewan mgonjwa wa saratani anayehitaji kuchomwa kwa miale ya dawa lazima aende Regina au Saskatoon. Hakuna mahali pengine ndani ya jimbo. Tena haendi mara moja. Huenda na kurudi kwa majuma mengi. Zamani alipanda basi. Sasa mwanawe lazima aache kazi yake ili kumpeleka, au jirani aombwe tena na tena mpaka mgonjwa aone haya kuomba, au atafute nyumba ya kupanga mjini. Mafuta ya motokari ile, siku za kazi zilizopotea, kodi ya nyumba, hayo yote hayaandikwi katika daftari ya serikali. Hayaandikwi popote. Ugumu umeondolewa katika daftari moja kubwa, ukagawanywa katika mifuko midogo elfu nyingi, na wenye daftari wakapongezana.

Na wale waliosema wafanyabiashara wengine watakuja? Walikuja, ndiyo. Walikuja pale palipo na abiria, kama kati ya Regina na Saskatoon, au kati ya Calgary na Edmonton. Twawasifu kwa ujasiri wao. Lakini gari dogo la mtu binafsi haliwezi kukatisha kilometa mia mbili ili kumchukua mzee mmoja, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulidai lifanye hivyo. Wengine walijaribu njia ndogo, wakashindwa, wakaacha. Hata kwetu hapa twaambiwa kwamba piki-piki zimechukua mahali pa motokari. Anayesema hivyo hajambeba mke wake mwenye mimba ya miezi minane nyuma ya piki-piki, katika matope, usiku.

Sasa tunakuja kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ndilo tulilotaka kulieleza tangu mwanzo.

Katika British Columbia iko barabara itokayo mji wa Prince George hata Prince Rupert, kwenye pwani. Urefu wake ni kama kilometa 720. Katika vitabu vya serikali inaitwa barabara namba 16. Watu wanaiita Barabara ya Machozi. Tangu miaka ya 1969 wasichana na wanawake wamepotea au wameuawa kando ya barabara hiyo na zile zinazoungana nayo. Polisi wameandika majina 18 katika orodha yao, ya kutoka mwaka 1969 mpaka 2006. Jamaa za waliopotea wanasema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Wengi wao ni wa makabila ya wenyeji wa asili. Na kadhaa kati yao walionekana mara ya mwisho wakisimama njiani wakiomba lifti kwa motokari za wageni, kwa sababu hawakuwa na namna nyingine ya kufika kazini, au shuleni, au nyumbani kwa ndugu zao.

Mwaka 2006 wenyeji, polisi na watu wa serikali walikutana Prince George kwa ajili ya shauri hilo. Mapendekezo 33 yalitoka. Moja lilikuwa jepesi kueleweka hata na mtoto: wekeni mabasi madogo kati ya vijiji, ili msichana asisimame peke yake njiani. Neno hilo lilingoja miaka kumi na moja. Ni mwaka 2017 tu ndipo mabasi ya serikali yalipoanza kupita katika vipande vya barabara hiyo. Na mwanzo wa mwaka uliofuata, Februari 2018, baraza linalosimamia usafiri wa jimbo likairuhusu Greyhound kuziacha njia zake za kaskazini, na hiyo ya Prince Rupert ikiwemo! Tarehe moja Juni basi la mbwa wa mbio halikupita tena katika Barabara ya Machozi.

Baraza lile halikuvunja sheria. Lilitazama hesabu za kampuni, likaona hasara ni ya kweli, likaamua. Ndiyo maana tunaandika kwa ukali. Kama hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, na sheria kufuatwa kabisa, na mwisho wake ni msichana kusimama tena kando ya barabara ile, basi kuna kitu hesabu ile haikuulizwa. Haikuulizwa nani atabaki njiani.

Haki itendeke, tutaje na lililokuwa jema. Serikali ya British Columbia haikukaa kimya. Mwezi huohuo wa Juni 2018 ilianzisha mabasi yake ya kaskazini, BC Bus North, kwa fedha ya hazina, yakapita katika njia zilizoachwa, ijapokuwa si kwa safari nyingi kama zamani. Mbele ya watu wanaosema hakuna njia nyingine, basi hilo ni jibu lenye magurudumu. Jimbo moja lilifunga kampuni yake. Jimbo la pili, katika nchi ileile, chini ya baridi ileile, lilinunua viti. Haikuwa umaskini uliowatenganisha. Na tume ya taifa iliyochunguza vifo vya wanawake wa wenyeji wa asili, ilipomaliza kazi yake Juni 2019, ilizitaka serikali zote zitoe mipango na fedha kwa usafiri salama wa bei nafuu katika vijiji vya mbali. Hawakuandika «njia zikipata faida».

Na Greyhound yenyewe? Iliacha mifupa ya magharibi ikabaki na njia za mashariki, Ontario na Quebec. Mei 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, mabasi hayo nayo yalisimamishwa. Tarehe 13 Mei 2021 kampuni ilitangaza kwamba hayatarudi. Siku ile watu wa Toronto, wa Ottawa na wa Montreal walijifunza walichojifunza watu wa Prince Rupert miaka mitatu kabla. Tofauti ni kwamba wao wana treni nyingi zaidi.

Haya, tumrudie kijana wetu. Amesema mali ni ya mwenyewe, na sisi hatutaki kumnyang'anya mtu motokari yake. Lakini mtu huyo hupita kila siku katika njia ya mjini yenye abiria wengi, na ruhusa ya kupita huko hakupewa na baba yake. Alipewa na wakubwa wa nchi, kwa jina letu sote. Tunauliza wakubwa hao: kwa nini ruhusa ya njia nene isifuatane na siku moja tu kwa juma katika njia nyembamba? Na kama hilo halimwezekani, kwa nini ushuru unaotozwa sokoni, ambao mama zetu huulipa kabla hata hawajauza kikapu kimoja, usitoe mafuta ya safari hiyo moja? Twataka jibu lenye hesabu ndani yake. Jibu la «hakuna faida» tumekwisha kulisikia.

Tena tunajua watatuambia kwamba abiria wetu ni wachache. Kwa hiyo juma hili tumeanza kuandika, nyumba kwa nyumba, majina ya watu waliokuwa wakishuka na motokari ile: nani alikwenda hospitali, nani alipeleka maharage, nani alimfuata mtoto shuleni, na sasa anafanyaje. Kazi ni nyingi, na mwandiko wetu si mzuri. Tumemwomba kijana mwenye cheti awe karani wetu. Jana jioni alikuja na daftari lake, akaanza na nyumba ya shangazi yake.